Wezesha na Lemaza: Uhakiki wa Lugha ya Kufungulia Milango ya Kompyuta ya Bodi Moja

Kompyuta ya bodi moja ni mtambo mdogo ambao sehemu zake zote, yaani chipu ya kukokotoa, kumbukumbu, na njia za kuingizia na kutolea ishara, zimekusanywa juu ya kibao kimoja kinachoenea katika kiganja cha mkono. Iliyo mashuhuri kupita zote ni Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa nchini Uingereza tarehe 29 Februari 2012 kwa makusudi ya kuwafundisha vijana utunzi wa programu. Katika ukingo wake zimesimama safu mbili za pini, jumla yake 26 katika toleo la kwanza na 40 tangu toleo la B+ la mwaka 2014, na kwa pini hizo mwanafunzi aweza kuunganisha kipimajoto, saa, taa au mota. Walakini mwanafunzi aliyeunganisha waya zake sawasawa, kisha akauwasha mtambo, aghalabu hapati jibu lolote. Huambiwa kwamba hana budi "kuwezesha" mlango kwanza. Uhakiki huu unalihusu neno hilo, pamoja na mwenzake "kulemaza", na mambo yanayositirika nyuma ya maneno hayo mawili.

Neno mlango latumika hapa kwa makusudi. Tafsiri za programu zimezoea kusema kiolesura, istilahi ambayo ndani yake mna sura. Yafaa kwa kioo cha kompyuta, ambacho kweli kina sura ya kutazamwa. Lakini pini mbili za chuma hazitazamwi na mtu, nazo hazina sura. Kiunganishi nalo limekwisha kupewa kazi katika sarufi, na si vyema kuliongezea mzigo. Mlango una faida kwamba Mswahili anazijua adabu zake tangu utotoni: hubishwa hodi, hufungwa, hufunguliwa, na una mwenyewe.

Wezesha ni kitenzi cha kauli ya kutendesha kitokanacho na weza. Maana yake ni kumpa uwezo asiyekuwa nao: mkopo humwezesha mkulima kununua trekta, miwani humwezesha mzee kusoma. Basi anayeambiwa auwezeshe mlango uitwao I2C huelewa, wala hakosei kwa kadiri ya Kiswahili, kwamba mlango huo hauna uwezo na kwamba yeye ndiye atakayeutia. Sivyo mambo yalivyo. Saketi za I2C zimo ndani ya chipu ya BCM2835, iliyotumiwa katika Raspberry Pi ya kwanza, tangu chipu hiyo ilipotoka kiwandani. Hazikupungukiwa na uwezo wowote. Kilichopungua ni habari: kiini cha Linux, yaani ile programu ya chini kabisa inayotawala chuma chote, hakijaambiwa kwamba saketi hizo zitumike, wala kwamba nje yao kuna kitu kilichounganishwa. Na habari hiyo haitolewi kwa tendo moja.

Na uchukuliwe mfano wa saa. Bodi za kawaida za Raspberry Pi zilizotangulia toleo la 5, la mwaka 2023, hazikuwa na saa ya kuhesabu wakati umeme ukikatika. Bodi ya namna hiyo ikiwashwa mahali pasipo mtandao, huendelea na tarehe iliyohifadhiwa mara ya mwisho, na vipimo vya mvua vya siku nzima vikaandikwa tarehe isiyokuwa yake. Dawa yake ni chipu ndogo iitwayo DS3231, yenye betri yake yenyewe, inayounganishwa kwa waya mbili za ishara katika pini ya 3 na ya 5, mbali na zile za umeme. Ili kiini kiisome saa hiyo, yapasa kwanza kiwe na viendeshi viwili: kimoja cha kusema na mlango wenyewe, kingine cha kusema na saa iliyo nje ya mlango. Wakati wa kukijenga kiini, kila kiendeshi hujibiwa kwa herufi moja: "y" kikitiwa ndani moja kwa moja, "m" kikijengwa kando kama moduli ya kuitwa wakati wa haja, "n" kikiachwa. Kisha kiini lazima kisome, katika maandishi yaitwayo mti wa vifaa, kwamba mlango upo na watumika, na kwamba nyuma yake kuna saa ya namna hiyo yenye anwani fulani. Tena pini zenyewe sharti zikabidhiwe kazi, kwa kuwa katika chipu ile kila pini huchaguliwa kwa biti tatu, yaani moja kati ya hali nane: kupokea, kutoa, au mojawapo ya kazi sita za badali, ambazo si lazima zote zijazwe.

Kiingereza huyaita matendo yote matatu kwa neno moja. Kiswahili hakikulazimika kuurithi ufukara huo, lakini kimeurithi. Maelekezo yakisema "wezesha I2C", mwanafunzi hana njia ya kujua ni lipi kati ya matatu lililokusudiwa, wala, likishindikana, ni lipi lililoshindikana. Na dalili zake ni mbalimbali kabisa. Kiendeshi kisipojengwa, moduli ikiitwa haionekani. Mti usipoutaja mlango, mlango hautokei kamwe. Pini zikikabidhiwa kazi nyingine, mlango hutokea vizuri lakini kila anayeitwa nyuma yake hunyamaza, na hilo ndilo kosa linalopoteza siku nyingi kuliko yote, maana mwenye kutazama anauona mlango na kuamini kwamba shauri limekwisha. Maneno ya Kiswahili yenye kupambanua yapo tayari, tena hayana ugeni: kiendeshi hutiwa katika kiini, kifaa hutangazwa katika mti, pini hukabidhiwa kazi.

Mtu atauliza kwa nini habari hizi hazijulikani na mashine yenyewe. Mbona kipanya au diski ya USB ikichomekwa hutambuliwa papo hapo? Sababu ni kwamba kifaa cha USB kinajua kupiga hodi. Kikichomekwa huulizwa u nani, nacho hutaja nambari ya mtengenezaji wake na nambari yake mwenyewe, na kiini kikatafuta kiendeshi kinachokifaa. I2C, iliyobuniwa na kampuni ya Philips mwaka 1982, haina hodi. Kifaa chake hukaa kimya katika waya mbili mpaka kiitwe kwa anwani, na kikiitwa hujibu "naam" bila kutaja jina. Anwani zake ni za biti saba, na zilizo huru kutumika ni 112 tu, hivyo si ajabu vifaa viwili visivyo na udugu kupewa moja. Saa ya DS3231 hukaa katika anwani 0x68, ambayo ni 104 kwa hesabu ya kawaida. Na kipima mwendo mashuhuri kiitwacho MPU-6050 hukaa katika anwani iyo hiyo. Anayeita 0x68 akajibiwa, amejua kwamba yupo mtu, hajajua ni nani. Ni kama kuita Juma sokoni.

Kwa ajili ya ububu huo, lazima awepo mwingine wa kukieleza kiini. Hapo kale maelezo hayo yaliandikwa ndani ya kiini chenyewe, bodi kwa bodi, na kwa chipu za ukoo wa ARM yalizidi kuwa mengi na yenye kurudiarudia, hata Machi 2011 Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux mwaka 1991, akalalamika hadharani. Suluhisho halikuwa jipya. Mti wa vifaa ulikuwa umetumika katika mashine za Sun Microsystems, ukawekwa katika kanuni ya IEEE 1275 ya mwaka 1994, ukapitia mashine za PowerPC, ndipo ukahamia kwenye ARM. Maelezo ya bodi yakatolewa ndani ya kiini, yakaandikwa katika faili ya peke yake inayosomwa mtambo unapoamka.

Mti huu wastahili kuhakikiwa kama maandishi, kwa kuwa ndivyo ulivyo. Una vifundo, na kila kifundo kina sifa zake. Kifundo cha saa husema, kwa ufupi, kwamba anwani yake ni 0x68 na kwamba chapatana na "maxim,ds3231". Sifa hii ya kupatana ni ya busara sana. Haidai kwamba kifaa ndicho hicho, bali kwamba chaweza kutendewa kama hicho. Na yaruhusiwa kuandika majina kadhaa, la mahsusi likitangulia na la jumla likifuata, ili kiini kisichomjua mtoto kimtambue kwa babu yake. Kifundo cha mlango kina sifa ya hali, ambayo ni "okay" au "disabled". Na katika maandishi yote hayo, kifundo kwa kifundo, hakuna kitenzi hata kimoja cha kuamuru. Mti hauamuru. Mti unaeleza tu jinsi ulimwengu wa bodi ulivyo, na amri zote zimo katika kiini kinachousoma.

Hapa ndipo tafsiri ya "wezesha" inapokosea kwa kina zaidi, kwa sababu inatia kitenzi cha kuamuru mahali ambapo asili ina tamko. Anayebadilisha "disabled" kuwa "okay" hajaamuru lolote, ametoa ushahidi. Na ushahidi waweza kuwa wa uongo. Mti ukisema ipo saa katika 0x68 na hali hakuna kitu, au kipo kipima mwendo, kiini huuamini, humwita kiendeshi wa saa, naye huenda kugonga mahali pasipo wake. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba "amewezesha" saa huilaumu saa. Aliyefundishwa kwamba ameitangaza hujiuliza kama alichokitangaza ni kweli. Tofauti ya maswali hayo mawili ndiyo tofauti ya fundi na mpiga ramli.

Watumiaji wa Raspberry Pi waliyaonja haya mwanzoni mwa 2015. Kabla ya hapo, viendeshi vya I2C na vya SPI viliandikwa katika orodha ya marufuku, faili iitwayo "raspi-blacklist.conf", na mtu aliyetaka kuvitumia aliufuta mstari au kuutia alama ya kuupuuza. Kiini cha toleo 3.18 kilipokuja, kikiutumia mti wa vifaa kama kawaida yake, kuufuta mstari ule hakukutosha tena. Kila mlango ulitangazwa kuwa umefungwa, na aliyeuhitaji alitakiwa aandike katika faili ya "config.txt" mstari kama "dtparam=i2c_arm=on" au "dtparam=spi=on". Mitambo iliyokuwa ikifanya kazi jana ikanyamaza leo, na waya hazikuguswa. Waliokuwa na neno moja tu la kuwezesha waliona kwamba walikwisha kuwezesha, mbona haiwezi? Kumbe walikwisha kuondoa marufuku, hawajatangaza. Hayo ni mambo mawili, na yeyote aliyewahi kuondolewa marufuku ya biashara kisha akaulizwa leseni anaujua umbali uliopo kati yake. Faili yenyewe ilihamishwa baadaye, katika toleo la mfumo la mwaka 2023, kutoka "/boot" kwenda "/boot/firmware", na vitabu vya zamani humpeleka msomaji mahali pasipo na kitu. Lakini hilo ni kosa la umri wa vitabu, si la lugha.

Mfano ulio mzito kupita wote ni wa mlango wa mfululizo, ule wa pini ya 8 na ya 10. Mstari wake ni "enable_uart=1", na kati ya mistari yote iliyotajwa hapa ndio peke yake uliobeba kitenzi. Ndio pia unaoficha mengi kuliko yote. Katika chipu zile pini hizo mbili zaweza kukabidhiwa kwa mmoja wa watumishi wawili: UART iliyo kamili, iitwayo PL011, na ndogo isiyo na saa yake yenyewe, ambayo kasi yake hutegemea saa ya ndani ya chipu. Toleo la 3 lilipotoka mwaka 2016 likiwa na Bluetooth, ile iliyo kamili ilipewa Bluetooth na ndogo ikaachiwa pini. Saa ya ndani ikiongeza mbio ili kazi iende upesi, herufi zinazotoka katika pini huharibika, zikawa takataka. Basi mstari ule wa "kuwezesha" haufungulii mlango tu, bali katika toleo hilo huishika pia saa ya ndani isibadilike. Mtu ameomba mlango, akafungiwa mwendo wa mashine bila kuambiwa. Kitenzi kimoja kimefanya kazi mbili, na ya pili haimo kabisa katika maana yake, si kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili. Tafsiri aminifu ya mstari kama huo haiwezi kuwa neno. Lazima iwe sentensi.

Yafaa sasa kulitazama neno la pili. Lemaza limeenea katika tafsiri za programu kwa maana ya kuzuia kitu kisitumike, hata limekuwa ndugu wa kudumu wa wezesha. Ni vigumu kuona lilivyopita mbele ya masikio ya Waswahili. Kulemaza ni kumtia mtu ulemavu, na ulemavu haufanywi asubuhi ukaondolewa jioni kwa kubofya. Mlango uliotangazwa "disabled" haukuvunjika wala haukuumia. Una afya kamili na umefungwa. Zaidi ya hayo, wako wasomaji wa maneno hayo walio na ulemavu wenyewe, na ni utovu wa adabu kumweka mtu mbele ya kioo asome kwamba hali yake ni kinyume cha kuweza. Kiswahili kina funga, kina zima, kina sitisha. Kwa pini na milango, funga latosha, na mwenzake awe fungulia, katika kauli ile ile ya kutendea inayosikika nyumbani mtu akisema fungulia maji au fungulia redio. Anayefungulia maji hajayapa maji uwezo, ameyapa njia. Kwa kinyume chake, washa, ambalo wengine hulipendelea, lavutia fikira kwenye umeme, nao umeme ulikuwamo tangu mwanzo.

Jozi nyingine ya maneno ilikuwa mbaya kuliko hiyo. Maandishi ya I2C kwa miaka mingi yaliita chipu inayoongoza mazungumzo bwana, na inayoitwa mtumwa. Kampuni ya NXP, mrithi wa Philips katika jambo hili, iliyabadilisha maneno hayo katika toleo la kanuni la Oktoba 2021, ikasema mwelekezi na mlengwa. Na watunzaji wa Linux walikwisha kukubaliana mwaka 2020 kwamba maneno ya utumwa yasitiwe tena katika kiini. Kwa msomaji wa pwani hii jambo hili si la adabu ya mbali. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikaondolewa kisheria huko mwaka 1897. Wajukuu wa waliouzwa na wajukuu wa waliouza wanakaa mtaa mmoja. Kwa elimu ya maneno peke yake, mtumwa ni yule aliyetumwa, na shina hilo hilo la tuma ndilo lililozaa mtume. Mtu aweza kudai kwamba hakuna neno lingine linaloieleza vyema chipu inayopelekewa ujumbe. Dai hilo ni la kamusi, na kamusi haikuuzwa sokoni. Mlengwa ni neno zuri, tena sahihi zaidi, kwa kuwa chipu hiyo haitumwi popote: inalengwa kwa anwani yake. Mwalimu anayefundisha kwa vitabu vilivyotangulia 2021 atalikuta neno la kale, na kulibadili hakutaharibu hata biti moja.

Haitakuwa haki kuwalaumu wafasiri peke yao. Juhudi za kuitia kompyuta Kiswahili, kama mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, zilihusu programu za mezani, za kuandika barua na kupanga hesabu, ambamo wezesha laweza kupita bila madhara makubwa: kisanduku hutiwa alama, jambo likawa. Maneno hayo yameshuka baadaye mpaka katika kiini bila kupimwa upya, nako huku chini neno lisilopambanua huharibu kazi. Katika Tanzania, ambako masomo ya sekondari hutolewa kwa Kiingereza, mwanafunzi hulipata neno la Kiingereza darasani na kulieleza kwa Kiswahili anapomsaidia mwenziwe. Ni maelezo hayo ya pili yanayojenga au kubomoa, nayo hayana mhariri.

Limebaki jambo dogo ambalo matendo matatu yaliyotajwa hayalimalizi. Mtu akiisha kutangaza mlango wa I2C kwa mstari ule wa "config.txt", viendeshi vikiwemo na pini zikiwa zimekabidhiwa, bado huenda asiione faili ya "/dev/i2c-1" ambayo kwayo programu za kawaida hupita. Faili hiyo huletwa na moduli ya peke yake, "i2c-dev", nayo huitwa mbali. Programu ya "raspi-config" huyafanya yote mawili kwa pamoja, na ndiyo sababu wengi hawajui kwamba ni mawili. Nambari 1 katika jina hilo nayo ina kisa: katika bodi za mwanzo kabisa za mwaka 2012 waya za pini ya 3 na ya 5 zilikwenda kwenye mlango nambari 0, na marekebisho yaliyofuata yakazipeleka kwenye nambari 1, wala hakuna neno la lugha yoyote ambalo lingemwonya aliyekuwa na bodi ya zamani na kitabu kipya.

Basi mlango ukiwa wazi, saa ikiwa imetangazwa, mwanafunzi huendesha programu ya upekuzi, "i2cdetect", inayobisha kila anwani na kuchora jedwali la waliojibu. Kabla ya kuitangaza saa aliona 68 mahali pake. Sasa aona herufi mbili, UU, na wengi hapo hudhani kwamba saa imeharibika au kwamba wamekosea, wakafuta walichoandika na kuanza upya. Herufi hizo husema kwamba kiendeshi cha kiini kimekwisha kuishika anwani ile, na kwa hiyo mpekuzi amejizuia kubisha. Anayetafuta tafsiri yake hahitaji kuunda istilahi. Abiria wa daladala huisema kila siku, akiwa ameweka mkoba wake kitini na mwingine anataka kukaa: pana mtu.